SOMO: KIBALI KABLA YA MKOPO WA BAFU

Mwanachama aishiye mjini akiomba mkopo wa kutengeneza bafu, Kamati ya Mikopo iulize kwanza kazi yenyewe ni ya namna gani. Kubadili vigae au bomba lililochakaa ni matengenezo madogo. Kusogeza ukuta wa nje, kuongeza chumba au kuchimba shimo jipya la majitaka ni uendelezaji, nao, kwa Sheria ya Mipangomiji ya Tanzania ya mwaka 2007, wahitaji kibali cha halmashauri. Maombi huambatana na michoro pamoja na uthibitisho wa umiliki wa kiwanja.

Halmashauri ikisimamisha ujenzi usio na kibali, fedha hulala kwenye matofali, lakini deni halilali. Basi nakala ya kibali iingie jaladani kabla hundi haijatiwa sahihi.

Swali la majadiliano: Majalada ya chama chenu yana nakala hiyo?