Mdogo Wangu, Usiikimbie Chanjo kwa Kuliogopea Ini

Mdogo wangu, sogea tuongee, maana jambo hili linawatesa wengi kimyakimya. Umepimwa damu, daktari kakuambia una hali ya Gilbert, kakuambia pia usiwe na wasiwasi. Wewe umetoka pale umeshika neno moja tu: ini. Tangu siku hiyo, chanjo ikitajwa unarudi nyuma, unaona sindano itakuja kulimaliza ini lenyewe. Sikulaumu. Ini likitajwa, nani hashtuki? Lakini hofu usiyoiuliza maswali itakuponza.

Kwanza ujue ulichonacho. Chembe nyekundu za damu zikichakaa huvunjika, na humo hutoka rangi ya njano iitwayo bilirubini. Ini hutumia kimeng'enya maalumu kuiandaa ili itoke mwilini. Wewe umezaliwa na kimeng'enya hicho kikiwa kivivu, basi. Ini lako halina kidonda wala halinyauki. Augustin Gilbert na Pierre Lereboullet waliieleza hali hii huko Ufaransa mwaka 1901, na mpaka leo haina dawa kwa sababu haihitaji dawa. Ukishinda na njaa, ukifunga Ramadhani, ukikesha au ukishikwa na mafua, macho yanapiga unjano, kisha yanarudi. Najua watu wananong'ona kwamba unakunywa pombe au una homa ya ini, na najua inavyouma. Ila minong'ono yao isikupangie matibabu.

Sasa chanjo. Hali ya Gilbert haimzuii mtu kuchanjwa, iwe ya pepopunda, UVIKO-19 au homa ya ini aina ya B. Chanjo kazi yake ni kuufundisha mwili kujilinda, na kazi hiyo haikihitaji kile kimeng'enya chako. Hata wewe uliyepigwa ultrasaundi ikaonekana hemanjioma, yaani kivimbe cha mishipa ya damu kwenye ini, au kifuko kidogo cha maji, na daktari akasema hakina neno, chanjo ni yako pia. Tena hiyo ya homa ya ini B haina kirusi hai ndani yake. Ina protini tu ya ganda la kirusi, iliyotengenezwa kwa hamira, kwa hiyo haiwezi kukuambukiza. Unaikimbiaje chanjo inayolilinda ini lile lile unaloliogopea?

Ya homa ya manjano ndiyo yenye kirusi hai kilichodhoofishwa, na hapo lazima uulizwe maswali: una miaka 60 au zaidi? Una ujauzito? Kinga yako imeshuka? Mayai yanakudhuru vibaya? Hayo ndiyo ya kumweleza muuguzi. Jina linafanana na macho yako, lakini ugonjwa si huo. Ukisafiri, chanjwa siku 10 kabla au mapema zaidi. Tangu 2016 cheti chake hudumu maisha. Na wewe unayewaza kununua kadi bila kuchomwa sindano, acha kabisa. Mbu hasomi kadi.

Ukishachanjwa, subiri pale kituoni dakika 15. Usiku unaweza kupata homa kidogo, chakula kikakukataa, na kesho yake macho yakageuka njano. Usipige kelele kwamba chanjo imeharibu ini. Homa na njaa ndizo zilizofanya hivyo. Kunywa maji, kula hata uji, lala. Parasetamoli meza kwa kipimo kilichoandikwa, usizidishe. Na hizo dawa za mizizi za "kusafisha ini" ziache zilipo, maana nyingine ndizo zinazoliumiza.

Lakini sikia onyo langu. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, choo kikiwa cheupe, mwili ukiwasha, ukitapika au ukiumwa chini ya mbavu za kulia, usiseme "ni ile hali yangu". Bilirubini ya Gilbert haitoki kwenye mkojo. Hapo kuna jingine, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe ambaye hujapimwa, usijipachike jina la Gilbert kwa kusimuliwa na jirani. Macho ya njano huletwa pia na malaria, sikoseli na homa ya ini yenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua. Pima damu, na majibu yatunze.

Basi mdogo wangu, kesho chukua karatasi yako ya majibu, nenda kituoni, mwambie muuguzi ulichonacho bila aibu, kisha kunja mkono wa shati uchanjwe. Kinga ni bora kuliko tiba, na ini lako ni moja tu.