Miti Ivaayo Nguo Juu ya Kilimanjaro

Wasomaji wetu wakaao Uchaga huutazama Mlima kila siku, lakini walio wengi hawajapata kufika pale msitu unapokoma. Huko, yapata meta 3,500 na kuzidi, baridi haingoji majira yake kama Ulaya. Huja kila usiku, na mchana jua huchoma. Mmea hauwezi kulala miezi kadhaa mpaka kipupwe kiishe. Yaupasa kushindana na jalidi leo, na kesho tena.

Tuutazame kwanza ule mti mkubwa uitwao senesio. Shina lake laweza kupita meta 5, nalo lina moyo laini ushikao maji. Majani yake yakifa hayaanguki. Hunyauka, yakaning'inia na kulizunguka shina kama blanketi nene. Kwa mbali mti huonekana mchafu, kumbe uchafu ule ndio uzima wake. Kwani maji ya shina yakiganda usiku, asubuhi jua hupiga majani mabichi, nayo hutaka kunywa yasipate. Mti ungekauka ingawa mizizi yake imo katika udongo wenye maji. Tena jioni majani mabichi hujikunja kuelekea kati, yakalifunika chipukizi kama vidole vifumbavyo mbegu.

Lobelia ina njia nyingine, nasi twaistaajabia zaidi. Majani yake hufanya bakuli lililojaa maji yenye ute. Usiku maji ya juu huganda. Lakini maji yagandapo hutoa joto kidogo kidogo, tena barafu ile huwa kifuniko, hata chipukizi lililo chini hukaa katika maji yasiyoganda. Barafu yenyewe yaukinga mmea na baridi!

Lakini vazi limfaalo senesio usiku wa jalidi halimfai penye moto, maana majani makavu huwaka upesi. Zamani wapandaji waliyang'oa ili kukoka moto, na mti uliovuliwa hivyo haupati nguo mpya upesi, kwa kuwa huota polepole sana. Mwezi wa Oktoba 2020 moto uliwaka mlimani zaidi ya juma moja. Basi mrina asali wa kando ya msitu, akiisha kazi yake, na aumwagie mwenge maji, angoje hata majivu yapoe mkononi, ndipo ashuke.