Kabla hujasaini barua ya kuacha kazi

*Shikamoo Shangazi,*

*Ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nina miaka saba kwenye kampuni ya usafirishaji, kitengo cha takwimu. Mshahara wangu ni shilingi 2,400,000 kabla ya makato. Juzi bosi aliniita akasema kampuni inapunguza waajiriwa wa kudumu, ila mimi hataki kunipoteza. Niandike barua ya kuacha kazi mwisho wa Agosti, halafu Septemba mosi nianze kama mtaalamu wa kujitegemea kwa 3,000,000 kwa mwezi. Kazi ileile, meza ileile. Kodi, kasema, ni asilimia tano tu.*

*Mume wangu ameshapiga hesabu: zitaingia 2,850,000 kila mwezi, wakati sasa napokea 1,684,000. Fundi wa kupaua nyumba yetu ya Chanika ameshaitwa. Mimi ndiye nisiyelala. TRA sijawahi kukanyaga, maana kila kitu kilikatwa ofisini. Nikiuliza naambiwa naogopa maendeleo. Ni woga wangu tu, Shangazi?*

*Mwenye Wasiwasi, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Si woga. Fundi apime paa akitaka, lakini bati zisinunuliwe kwanza.

Tuanze na hiyo asilimia tano, maana ndiyo imewapumbaza nyumba nzima. Inaitwa kodi ya zuio. Kampuni ikikulipa kwa huduma inazuia sehemu hiyo na kuipeleka TRA kwa jina lako. Ni malipo ya awali tu; kodi yako ya mapato yenyewe bado inakungoja. Kwenye ajira, PAYE ilikuwa inamaliza shauri mwezi huohuo na wewe ukalala. Ukijiajiri, wa kukadiria kodi, kuilipa na kuitolea hesabu ni wewe.

Sasa tuweke mwaka mzima mezani. Milioni tatu mara kumi na mbili ni 36,000,000. Tuseme kazi itakugharimu wastani wa 500,000 kwa mwezi: intaneti, simu, nauli, mhasibu, uchakavu wa kompyuta. Faida inabaki 30,000,000. Kwa viwango vya mtu binafsi Tanzania Bara, milioni 12 za kwanza kwa mwaka zinabeba kodi ya 1,536,000, na kila shilingi inayozidi hapo inatozwa asilimia 30. Kodi yako ni 6,936,000. Ile ya zuio itakuwa imeshalipa 1,800,000. Deni linalobaki ni 5,136,000, na hilo ndilo fundi wa Chanika angepaulia.

Ukitoa gharama na kodi yote, kwa mwezi unabaki na 1,922,000. Bado ni zaidi ya 1,684,000 za leo, mume wako atasema. Kweli, ila leo kuna 480,000 nyingine zinazokwenda NSSF kila mwezi, nusu kwako na nusu kwa mwajiri. Ukijiajiri hakuna wa kukuchangia. Ukitaka uzee wako ubaki palepale, zitoe mwenyewe, na mkononi zinabaki 1,442,000. Umepandishwa dau, halafu ukashuka kwa 242,000.

Na hapo hujaumwa wala hujapumzika. Sheria ya ajira inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo, na mama anayejifungua ana siku 84. Mtu wa mkataba wa huduma asipofanya kazi haleti ankara, na asipoleta ankara halipwi. Bima ya afya ya wanao nayo, kama ilikuwa inalipwa na ofisi, itahamia kwenye pochi yako.

Mtazame na bosi kwa upande wake. Leo humgharimu 2,400,000 tu. Anakuchangia NSSF 240,000, na juu yake kuna tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kwa hiyo hizo 600,000 anazoonekana kukuongezea, kwake hazifiki hata 360,000. Simwiti mwizi, anafanya hesabu za kampuni yake. Wewe fanya za kwako.

Bei gani basi inakufikisha ulipo leo? Kufidia zile 242,000 baada ya kodi ya asilimia 30, mkataba unatakiwa uwe kama 3,350,000. Ukitaka mwezi mmoja wa kupumzika kwa mwaka bila kupungukiwa, inafika kama 3,650,000. Bima bado haimo. Ningekuwa wewe, mazungumzo ningeyaanzia milioni nne, na chini ya 3,650,000 nisingeshuka.

Lakini kinachonitia mashaka zaidi katika barua yako ni hicho anachokutaka uandike. Bosi kasema kampuni inapunguza watu. Kisha anataka wewe ndiye uandike umeacha kazi. Hayo ni mambo mawili tofauti kisheria, na tofauti yake ina bei. Mwajiri anayepunguza wafanyakazi kwa mahitaji ya biashara anapaswa kutoa taarifa, kushauriana nao, kuwapa notisi na kuwalipa kiinua mgongo: mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, kwa miaka isiyozidi kumi. Kwa miaka yako saba ni siku 49, na kwa mshahara wako hiyo ni zaidi ya milioni tatu na nusu. Ukiandika umeondoka kwa hiari, umeziacha mezani. Fao la kukosa ajira la NSSF nalo si la aliyeacha kazi mwenyewe. Likizo ambayo hukuichukua walipe kwa vyovyote vile.

Kuna na hiyo meza ileile. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 hakijali mkataba umepewa jina gani. Kinauliza: nani anakupangia kazi na saa? Vifaa ni vya nani? Unamtegemea mtu mmoja kwa kipato? Unamfanyia kazi yeye peke yake? Jibu la hata moja likielekea kwenye ajira, sheria inakuchukulia kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. TRA ikiuona mpango huo hivyo, itaidai kampuni PAYE. Kwa hiyo kama kweli unajitegemea, mkataba uonyeshe: kazi inayopimwa kwa matokeo, uhuru wa kupanga muda wako, ruhusa ya kuwahudumia wateja wengine, na kompyuta iliyo mali yako. Kama bosi anataka uingie saa mbili asubuhi na uombe ruhusa ya kwenda kliniki, huyo anataka mwajiriwa, basi amlipe kama mwajiriwa.

Tuseme mmekubaliana vizuri na umeamua kuvuka. Haya ndiyo ya kufanya.

Nenda TRA mapema, usisubiri Machi. TIN uliyonayo ni ya ajira; isajiliwe kwa biashara, ukadiriwe kodi ya miezi iliyobaki, na ufuatilie leseni ya biashara ya halmashauri. Makadirio hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Wewe mwaka huu zitakuangukia mbili za mwisho. Ritani ya mwaka inafuata kabla ya Juni 30 ya mwaka ujao. Usijikadirie kidogo ili upumue, maana ukipishana sana na kodi halisi unatozwa riba.

Mwaka huu wa kuvuka una mtego wake. Mshahara wa Januari hadi Agosti na faida ya Septemba hadi Desemba vinaunganishwa kwenye ritani moja. Mshahara wako wa miezi minane, baada ya kutoa NSSF, ni 17,280,000. Umeshavuka milioni 12, kwa hiyo faida yako yote ya Septemba kuendelea inaangukia kwenye asilimia 30. Ukiweka faida ya 10,000,000, kodi ya mwaka mzima ni 6,120,000. PAYE ililipa 3,808,000 na zuio 600,000, hivyo utadaiwa 1,712,000. Usitoke ofisini bila maandishi ya mwajiri yanayoonyesha mshahara na PAYE ya miezi hiyo minane. Na kila ukilipwa, dai hati ya kodi ya zuio siku hiyohiyo. Bila hati utashindwa kuonyesha kuwa ulishakatwa.

Fungua akaunti ya pili. Kila 2,850,000 zikiingia, hamisha 430,000 kabla hujanunua hata nyanya. Kwa mfano huu zinatosha mwaka huu na mwaka ujao, maana 1,712,000 kwa miezi minne na 5,136,000 kwa miezi kumi na miwili zote zinakwenda 428,000 kwa mwezi. Fedha hizo mume wako azijue, na ajue pia si za paa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tarehe, kiasi, nani kakulipa, nani umemlipa. Risiti uombe ya EFD yenye TIN yako. Kikaratasi cha kuandikwa kwa kalamu hakitakusaidia siku ya ukaguzi. Gharama iwe ya kazi kweli: simu ukiitumia nusu kwa kazi na nusu kwa mashoga zako, dai nusu. Laptopu ya 2,400,000 hutoi yote mwaka wa kwanza. Kompyuta hupunguzwa asilimia 37.5 kwa mwaka, kwa hiyo mwaka wa kwanza ni 900,000. Karatasi zitunze miaka mitano. Na wewe mwenyewe, kwa mapato hayo, utatakiwa kutoa risiti za EFD.

Utasikia mengi mtaani. Mwenye duka atakuambia kuna jedwali la kodi nafuu kwa mauzo yasiyozidi milioni 100. Lipo, ila kazi za kitaalamu na kiufundi kama yako zimewekwa nje. Mwingine atakutisha na VAT. Kwa kawaida usajili wake unaanzia mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, nawe uko mbali. Wanasheria, wahasibu na wahandisi wenye usajili wa bodi zao ndio wanaotakiwa kusajiliwa VAT bila kujali mauzo.

Mhasibu mlipe akupitie hesabu mara moja kabla ya kusaini na mara moja kabla ya Juni. Hiyo nayo ni gharama ya kazi, utaitoa kwenye kodi.

Jumatatu ukirudi kwa bosi, usigombe. Mwambie uko tayari kuzungumza mkataba, bei ni milioni nne, na kuhusu ajira ya sasa unasubiri barua yao ya kupunguza wafanyakazi yenye notisi, likizo na kiinua mgongo. Akikataa yote, unayo ajira, na asiyeandika barua hajaacha kazi. Akikubali, kiinua mgongo kikiingia, mwite fundi: hicho angalau kinaweza kununua bati.

Shangazi yako