Dondoo Muhimu: Juma Moja katika Idara ya Masoko

Mwanafunzi aliyejaaliwa kupokewa juma zima katika idara ya masoko, iwe ya kiwanda cha sabuni au ya kampuni ya simu, na ayazingatie haya, ili wakati wake usipite bila faida.

• Kabla ya siku ya kwanza, zitazame dukani bidhaa za wenyeji wako, na bei za zile zilizo jirani nazo. Kwani mwenye kufika na swali lililotokana na aliyoyaona kwa macho yake husikilizwa.

• Omba ruhusa ya kufuatana na maafisa mauzo madukani, kwa maana huko madukani, kama yale ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, mbele ya mwenye duka aelezaye kwa nini pakiti ndogo hutoka upesi kuliko kubwa iliyo nafuu kwa kipimo, ndiko ilimu ya biashara hudhihirika.

• Ukikabidhiwa tangazo, lisome kwa sauti, kisha hakiki bei, tarehe na nambari ya simu, tarakimu kwa tarakimu, kabla halijapigwa chapa.

• Majina na nambari za wateja ni amana, nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya mwaka 2022, yazihifadhi. Usizinakili wala usizipige picha.

• Kila alasiri andika daftarini uliyojifunza, na baada ya kuaga, peleka barua ya shukrani.

Nanyi wenyeji, mpeni kijana kazi ya hakika, hata ikiwa ndogo, kwani kumketisha pembeni siku nzima ni kumdhulumu.