SOMO: MRABAHA WA HATAZA NA RITANI YA KODI



Tumezoea kwamba kodi ya mshahara hukatwa na mwajiri kabla fedha hazijatufikia mkononi. Kwa sababu hiyo wengi wetu hudhani kwamba mambo yote ya kodi ni kazi ya karani wa mishahara. Mazoea haya hayana hasara kubwa kwa mtu mwenye mshahara peke yake. Lakini yako mapato ambayo karani hayaoni, na mwenye mapato hayo asipoyatolea hesabu yeye mwenyewe hupata hasara. Mojawapo ni mrabaha wa hataza. Somo letu linaeleza jambo hili kwa sheria za Kenya, na mwishoni tutasema neno kwa wenzetu wa nchi jirani.

Huenda mtu akauliza: mchuma chai au fundi wa kiwandani ana habari gani na hataza? Anayo. Anayeshinda na mashine mchana kutwa ndiye anayejua inapokwama, na mara nyingi ndiye anayetengeneza dawa yake kwa kipande cha bati na waya. Kitu hicho kikiwa kipya na chenye manufaa, kinaweza kuwa mali. Mali ikizaa fedha, kodi nayo hufuata.

1. Maneno ya kuyajua kwanza

Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ili mtu mwingine asitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake bila idhini. Nchini Kenya hutolewa na Taasisi ya Mali ya Viwanda, KIPI, chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, na hudumu miaka 20 tangu siku ya kupeleka maombi. Kila mwaka mwenye hataza hulipa ada ili isife.

Mrabaha ni malipo anayopewa mwenye hataza na mtu anayeutumia uvumbuzi huo. Katika Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya neno hili ni pana. Linachukua malipo ya kutumia hataza, mchoro, mpango au njia ya kutengeneza kitu, na pia faida inayopatikana kwa kuiuza haki yenyewe.

Kodi ya zuio ni kodi ambayo mlipaji huikata na kuipeleka serikalini kabla ya kukukabidhi fedha zako.

Ritani ni taarifa ya mapato yako yote ya mwaka, kuanzia Januari mpaka Desemba, unayoipeleka kwa Mamlaka ya Mapato, KRA.

2. Hataza ni ya nani?

Kabla ya kuzungumza kodi, lazima tujue mwenye mali. Sheria ya 2001, kifungu cha 32, inaeleza hali tatu.

Kwanza, ukiwa umeajiriwa hasa kwa kazi ya kubuni, hataza ni ya mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine.

Pili, ikiwa kazi yako si ya kubuni, lakini umevumbua kitu kwa kutumia vifaa au habari ulizozipata kazini, hataza bado ni ya mwajiri. Hata hivyo una haki ya kulipwa malipo ya haki. Malipo hayo hupimwa kwa kuangalia mshahara wako, thamani ya uvumbuzi na faida aliyoipata mwajiri.

Tatu, ikiwa uvumbuzi hauhusiani na kazi uliyoajiriwa, na hukutumia vifaa wala mali ya mwajiri, hataza ni yako.

Sheria hiyo inasema tena kwamba sharti lolote la mkataba linalomnyima mvumbuzi kiasi anachopewa na kifungu hiki ni batili. Kwa hiyo usiogope karatasi uliyotia sahihi siku ya kuajiriwa. Ipeleke tawini isomwe.

3. Fedha zimepita mlango gani?

Hapa ndipo wengi huchanganya. Fedha za uvumbuzi huweza kumfikia mfanyakazi kwa milango miwili, na kila mlango una kodi yake.

Mlango wa kwanza ni mshahara. Hataza ikiwa ni ya mwajiri, naye akakulipa kwa sababu wewe ni mfanyakazi wake, hayo ni mapato ya ajira. Yanaongezwa kwenye mshahara, yanakatwa kodi ya kila mwezi, na yanatakiwa kuonekana katika fomu ya P9 unayopewa mwisho wa mwaka.

Mlango wa pili ni mrabaha. Hataza ikiwa ni yako, nawe ukakipa kiwanda idhini ya kuitumia kwa malipo, huo ni mrabaha. Hata kama kiwanda hicho ndicho kinachokuajiri, fedha hizo si mshahara. Kwa mkaaji wa Kenya mlipaji hukata asilimia 5 na kuipeleka KRA.

Mwajiri akiandika mrabaha wako kama mshahara, au mshahara kama mrabaha, hesabu yako itaharibika. Taka maelezo kwa maandishi: fedha hizi ni za nini, kiasi gani kabla ya makato, na kimekatwa nini.

4. Asilimia 5 si mwisho wa kodi

Hili ndilo fundisho kubwa la somo hili. Ile asilimia 5 ni malipo ya awali tu. Mwisho wa mwaka mrabaha unajumlishwa na mshahara, kodi inahesabiwa juu ya jumla, kisha kile kilichokwisha kukatwa kinaondolewa.

Tuchukue mfano. Fundi wa kiwanda cha chai ana mshahara unaotozwa kodi wa shilingi 40,000 kwa mwezi, yaani 480,000 kwa mwaka. Nyumbani kwake, kwa vifaa vyake, alibuni pampu ya kunyunyizia mboga, akapata hataza. Kiwanda kimoja cha vyuma kinaitengeneza na kumlipa mrabaha wa shilingi 60,000 kwa mwaka. Kinakata asilimia 5, yaani 3,000, naye anapokea 57,000. Ada ya hataza na gharama nyingine za kupata mrabaha huo, zote zikiwa na risiti, ni 10,000.

Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, shilingi 288,000 za kwanza za mwaka hutozwa asilimia 10, shilingi 100,000 zinazofuata asilimia 25, na zinazozidi hapo asilimia 30 mpaka kufikia milioni 6. Kisha kila mkaaji huondolewa 28,800 kwa mwaka, ambayo ni nafuu ya mtu binafsi.

Kodi ya mshahara wake ni hivi:
288,000 kwa asilimia 10 = 28,800
100,000 kwa asilimia 25 = 25,000
92,000 kwa asilimia 30 = 27,600
Jumla = 81,400
Toa nafuu 28,800, inabaki 52,600.

Hizo 52,600 zimekwisha kukatwa na mwajiri mwezi kwa mwezi. Sasa mrabaha: 60,000 toa gharama 10,000 ni 50,000. Kwa kuwa mshahara umekwisha kuingia ngazi ya asilimia 30, kodi ya mrabaha ni 15,000. Toa 3,000 zilizokatwa na kiwanda. Anadaiwa shilingi 12,000.

Angalia makosa matatu yanayoweza kumpata. Akidhani kwamba 3,000 zilimaliza kazi, atadaiwa 12,000 baadaye, pamoja na faini na riba. Akijaza mrabaha lakini akasahau kudai zile 3,000, atakuwa amelipa kodi mara mbili juu ya fedha zile zile. Na akiandika 57,000 alizopokea badala ya 60,000, atakuwa ameficha mapato bila kukusudia. Kinachoandikwa ni kiasi kamili kabla ya makato.

5. Mwenye mshahara mdogo anadai, hadaiwi

Sasa tumtazame mchuma chai ambaye mshahara wake unaotozwa kodi ni 22,000 kwa mwezi, yaani 264,000 kwa mwaka. Asilimia 10 yake ni 26,400, nayo inamezwa yote na nafuu ya 28,800. Halipi kodi ya mshahara.

Tuseme naye ana hataza ya kikapu cha kuchumia, na mrabaha wake wa mwaka ni 20,000. Mlipaji amekata 1,000. Jumla ya mapato yake ni 284,000, na asilimia 10 ni 28,400. Nafuu inaimeza tena yote. Kodi yake ni sifuri, lakini shilingi 1,000 zimekwisha kwenda serikalini. Fedha hizo ni zake. Akijaza ritani yake sawasawa anaweza kuomba arudishiwe. Akinyamaza, zinapotea. Shilingi elfu moja kwa tajiri si kitu, lakini mchuma chai anajua ni kilo ngapi za majani.

6. Namna ya kujaza

Ritani ya KRA hujazwa kwa kompyuta, na wengi wetu huenda saiba kusaidiwa. Kijana wa saiba ana haraka. Mara nyingi huchagua fomu fupi ya wenye mshahara peke yake, kwa sababu ndiyo anayoijua. Wewe mwenye mrabaha fomu hiyo haikufai. Fuata hatua hizi:

(a) Beba namba yako ya PIN, fomu ya P9, mkataba wa idhini ya kutumia hataza, na risiti za gharama.
(b) Beba vyeti vya kodi ya zuio. Cheti hutokea katika mfumo wa KRA mlipaji akishapeleka kodi aliyokukata.
(c) Mwambie anayekusaidia: nina mapato mengine zaidi ya mshahara. Atumie fomu kamili.
(d) Jaza mshahara kama ulivyo katika P9. Kisha jaza mrabaha wote kabla ya makato, na gharama zake. Gharama inayokubaliwa ni ile iliyotumika kikamilifu kwa ajili ya kupata mapato hayo. Karo ya mtoto haimo.
(e) Hakikisha kodi ya zuio imeingizwa mahali pa kodi iliyokwisha kulipwa.
(f) Soma jumla kabla ya kupeleka, kisha chukua risiti ya kupokelewa.

Usimwachie mtu yeyote neno lako la siri. Karatasi zote zihifadhi miaka 5, kwa kuwa ndiyo muda ambao sheria inakutaka uwe nazo.

7. Tarehe na adhabu

Kodi inayobaki hulipwa kabla ya tarehe 30 Aprili ya mwaka unaofuata kupita. Ritani hupelekwa kabla ya tarehe 30 Juni kupita. Kosa la wengi ni kungoja Juni kwa yote mawili. Na kodi isiyokatwa na mwajiri ikifika 40,000 kwa mwaka, sheria inataka ilipwe kwa mafungu ndani ya mwaka wenyewe.

Mtu binafsi akichelewesha ritani hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Akichelewa kulipa, hutozwa asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Fundi wetu aliyesahau 12,000 kwa miezi 24 atatozwa faini ya 600 na riba ya 2,880. Ingekuwa nafuu kama angeweka fedha hizo kando siku ile ile alipopokea mrabaha.

Viwango huweza kubadilishwa na sheria ya fedha ya kila mwaka. Uliza kabla ya kuhesabu.

8. Kazi ya tawi

Mlipaji akikata asilimia 5 asiipeleke, cheti hakitatokea, nawe utashindwa kudai. Usingoje Juni. Tazama katika mfumo baada ya kila malipo, na usipokiona cheti, mwandikie mlipaji barua na nakala umpe mwakilishi wenu. Matawi nayo, yanapozungumza mkataba wa pamoja, yaweke kifungu kuhusu malipo ya mvumbuzi. Haki iliyo katika sheria peke yake husahauliwa upesi kuliko ile iliyo katika mkataba wa kiwanda.

Kwa wenzetu wa nchi jirani: msichukue asilimia hizi kuwa zenu. Asiyekuwa mkaaji wa Kenya akilipwa mrabaha kutoka Kenya hukatwa asilimia 20, si 5. Atunze cheti chake na kuuliza ofisi ya kodi ya nchi yake namna ya kuutolea hesabu. Tanzania ina sheria yake ya hataza tangu 1987, na kila nchi ina viwango vyake vya kodi. Lakini maswali ni yale yale: hataza ni ya nani, fedha zimepita mlango gani, na kodi iliyokatwa ina cheti?

Maswali ya kujadili tawini

1. Mwenzenu ametengeneza kifaa kwa vyuma vya kiwandani saa za kazi. Hataza ni ya nani? Naye anastahili nini?
2. Mfanyakazi amepokea mrabaha wa 38,000 baada ya makato ya asilimia 5. Ataandika kiasi gani katika ritani? (Jibu: 40,000.)
3. Kwa nini mchuma chai wa sehemu ya 5 ajaze ritani wakati kodi yake ni sifuri?
4. Je, mkataba wenu wa pamoja unasema lolote juu ya uvumbuzi wa mfanyakazi? Ikiwa hausemi, andikeni pendekezo moja na mlilete katika mkutano ujao.