Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Kingamwili na Utambuzi wa Maradhi ya Prioni

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii, ambayo kwa kawaida hutumiwa kuonya dhidi ya msaliti wa karibu, inalieleza barabara kundi dogo la maradhi ya ubongo yaitwayo maradhi ya prioni. Katika maradhi haya, kiuacho si bakteria wala virusi bali ni protini ya mwili wenyewe iliyobadilika umbo. Makala haya yanaeleza jinsi hali hiyo ilivyowatatiza wanasayansi waliotaka kuunda kingamwili za kuyachunguza maradhi hayo, na jinsi kikwazo hicho kilivyovukwa.

Prioni ni nini?

Istilahi "prioni" ilibuniwa mwaka wa 1982 na Stanley Prusiner, mtafiti wa Marekani aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1997. Alidai kuwa kiambukizi cha maradhi haya ni protini. Dai hilo lilipingwa vikali, kwani iliaminika kuwa hakuna kiambukizi kinachoweza kuzaana bila chembe za urithi. Baadaye ilibainika kwamba protini hiyo huundwa kutokana na jeni ya mnyama mwenyewe, na kwamba hupatikana katika seli zake hata akiwa mzima.

Protini ya kawaida na ile ya ugonjwa zina mfuatano ule ule wa asidi amino. Zinatofautiana tu katika namna zilivyokunjwa. Ile iliyokunjwa vibaya huishurutisha ya kawaida ifuate umbo lake, na hivyo samaki mmoja akioza, wote huoza. Hatimaye ubongo hujaa vitundu kama sifongo.

Miongoni mwa maradhi haya ni skrepi ya kondoo, kuru iliyowakumba Wafore wa Papua New Guinea, ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob kwa binadamu, na kichaa cha ng'ombe kilichotambuliwa Uingereza mwaka wa 1986. Mnamo Machi 1996, serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa kulikuwa na aina mpya ya Creutzfeldt-Jakob iliyohusishwa na kichaa hicho cha ng'ombe. Haja ya kipimo cha kuaminika ikawa suala la uhai na mauti.

Kinga isiyomtambua adui

Kingamwili ni protini ambazo mwili huziunda ili kunasa vitu vigeni. Kila moja hulingana na umbo fulani, kama ufunguo na kufuli lake. Mwaka wa 1975, Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, walionyesha kuwa seli inayounda kingamwili yaweza kuunganishwa na seli ya saratani isiyokoma kugawanyika. Zao lake ni kingamwili za ukoo mmoja, zinazofanana zote na zinazoweza kutengenezwa bila kikomo.

Hata hivyo, mbinu hiyo huhitaji mnyama ambaye kinga yake itakichukulia kitu alichodungwa kuwa kigeni. Hapa ndipo palipokuwa na utata. Mwili hufunzwa kuvumilia kilicho chake, nayo protini ya prioni ni yake. Ndiyo maana mgonjwa wa prioni hatoi kingamwili zinazoweza kutafutwa katika damu, kama ifanyikavyo katika upimaji wa virusi vya UKIMWI. Isitoshe, protini hii inafanana mno baina ya mamalia, kiasi kwamba panya aliyedungwa ile ya ng'ombe huitikia kwa nadra.

Suluhisho la kwanza lilikuwa kutumia tofauti ndogo zilizopo baina ya wanyama. Kingamwili iitwayo 3F4, iliyoelezwa mwaka wa 1987, huitambua protini ya hamsta na ya binadamu lakini si ya panya. Suluhisho la pili lilikuwa la kina zaidi. Mwaka wa 1992, kundi la Charles Weissmann huko Zurich lilitangaza kuwa limepata panya wasio na jeni ya protini hiyo. Mwaka uliofuata ilionekana kuwa panya hao hawaugui hata wakiambukizwa, jambo lililoipa nguvu hoja ya Prusiner. Kwao, protini ya prioni ni mgeni kamili, hivyo waliitikia kwa kuunda kingamwili nyingi. Kutokana na panya wa aina hiyo ilipatikana kingamwili ya 6H4, iliyotumika katika upimaji wa ng'ombe.

Kutoka maabara hadi kichinjioni

Kingamwili nyingi hunasa protini ya kawaida na ya ugonjwa bila kubagua. Kwa hiyo sampuli ya ubongo hutiwa kwanza kimeng'enya kinachosaga protini. Ile ya kawaida husagika yote, ilhali ile ya ugonjwa hubakiza kiini kigumu, ambacho kingamwili hukifichua. Kimeng'enya kikipungua, mzima huweza kudhaniwa mgonjwa; kikizidi, mgonjwa huweza kupita kama mzima. Vipimo vya haraka vya aina hii viliiwezesha Jumuiya ya Ulaya, kuanzia Januari 2001, kuagiza upimaji wa ng'ombe wa zaidi ya miezi 30 waliochinjwa kwa ajili ya chakula.

Kwa wagonjwa walio hai, mbinu nyingine imeshika nafasi. Maji ya uti wa mgongo huchanganywa na protini ya prioni iliyotengenezwa maabarani. Mbegu ya ugonjwa ikiwamo, protini hiyo hujikunja vibaya na rangi maalumu hung'aa. Hata hivyo, uchunguzi wa tishu za ubongo ungali unategemea kingamwili.

Hitimisho

Kingamwili zimejaribiwa pia kama tiba. Mwaka wa 2003 ilichapishwa kuwa zilichelewesha ugonjwa kwa panya waliotibiwa kabla ya dalili. Baina ya 2018 na 2019, wagonjwa sita jijini London walipewa kingamwili ya PRN100. Haikuwadhuru, lakini wote walifariki. Ni dhahiri basi kwamba kumtambua adui si sawa na kumshinda. Hata hivyo, adui aliye nguoni hawezi kung'olewa kabla ya kuonekana, na kingamwili ndizo zilizomfanya aonekane.