MAGHARIBI YA NAIROBI: BUSTANI NA MISITU YA WATU WOTE

Wageni wengi wafikao Nairobi huona majumba marefu na wingi wa magari, wakadhani kuwa mji huu hauna mahali pa kupumzikia. Lakini mtu akitoka katikati ya mji kuelekea magharibi, ataona miti mingi na mambo mengi ya historia.

Jina la Nairobi latokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi. Wamasai walinywesha ng'ombe wao hapa kabla reli haijafika mwaka 1899. Magharibi yake, huko Dagoretti, kulikuwa na mashamba ya Wakikuyu. Mwaka 1890 Kapteni Lugard alijenga boma huko baada ya kupatana na Waiyaki wa Hinga. Mapatano hayo hayakudumu. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akafia Kibwezi alipokuwa akipelekwa pwani.

BUSTANI ILIYOOKOLEWA

Mahali pa kwanza pa kupumzikia ni Bustani ya Uhuru, iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Mwaka 1989 kulikuwa na shauri la kujenga humo jumba la orofa 60. Profesa Wangari Maathai alilipinga kwa barua nyingi, ingawa wabunge walimdhihaki. Mwishowe shauri lile liliachwa, na bustani ikabaki mali ya umma. Mwaka 2004 mama huyo alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Mbele kidogo ipo bustani ya miti iitwayo Arboretum. Ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni ikuayo upesi, kwa kuwa magari ya moshi yalihitaji kuni nyingi. Leo garimoshi halichomi kuni, lakini bustani ingalipo. Vijana hukimbia humo asubuhi, wazee hukaa kivulini, na tumbili huruka matawini.

MSITU NA MAKUMBUSHO

Ukifuata Barabara ya Ngong utafika kwenye msitu uliotengwa kwa sheria mwaka 1932. Tangu hapo sehemu yake kubwa imetwaliwa, na barabara kuu ya kusini imepita ndani yake. Mbele zaidi, huko Karen, ipo nyumba ya Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark, aliyelima kahawa huko hadi mwaka 1931. Shamba halikufaulu, kwa kuwa nchi ile ni ya juu na baridi mno kwa kahawa. Nyumba hiyo ni makumbusho tangu mwaka 1986.

Basi yafaa kila mtu akumbuke kwamba mahali hapa hapakusalia kwa bahati. Palisalia kwa sababu sheria ilipatenga, na watu wakasimama kupalinda. Mti hukua kwa miaka mingi, nao huangushwa kwa saa moja. Mzazi awapeleke watoto wake huko, awaonyeshe miti hiyo, na awafundishe kuwa ni mali yao.